Vipande vya Sare ya Shangazi

Mimi sipotezi kitambaa hata kidogo, na safari hii ubahili wangu uliniponza. Nilikuwa nashona sare za harusi ya mdogo wangu, hapa mtaani kwetu Beechmont, jijini Louisville. Kitenge kililetwa kutoka Uvira ndani ya sanduku la msafiri, na kingine kama kile hakipatikani popote jijini. Kwa hiyo mikono ya gauni la shangazi niliikata kwenye pembe za kitambaa, mahali ambapo fundi mwingine angetupa. Nikaiweka pembeni bila hata kuibana na gauni kwa pini.

Kwetu mabaki hayatupwi. Sisi kina mama wa kanisani tuna gunia la mchele la kuwekea vipande, linakaa kwangu, na kila Jumatano wanakuja kugawana. Huyu anashona bibu ya kumfunga mtoto shingoni asichafuke akila, yule kitambaa cha kushikia sufuria. Jumatano ile nilikuwa kazini ghalani. Mama ndiye aliyewafungulia mlango. Akakusanya kila kilichoonekana kama baki, na mikono ya shangazi ikaenda humo humo.

Niligundua Alhamisi asubuhi. Harusi ilikuwa Jumamosi, na shangazi alikuwa anafika Ijumaa kwa basi kutoka Buffalo. Yeye na baba, kaka yake, hawakuwa wamesemezana kwa miaka minne, tangu alipohamia huko bila kumwuliza, na sisi watoto tukamfuata baba katika kununa. Sare ndiyo ilikuwa njia ya baba ya kumwambia arudi. Kwetu, ndugu asiyevaa sare kwenye harusi, kila mgeni anajua amewekwa kando. Nilijiona nimemfukuza kwa mkasi wangu mwenyewe.

"Umupigie, umuelezee," mama alisema.

Sikuthubutu. Nilipiga simu kazini nikasema naumwa, na haukuwa uongo mkubwa, nikaanza kuzunguka mlango kwa mlango, nikipanda basi hili na kushuka lile. Nyumba saba. Mmoja alikuwa ameshakata vipande vya kufungia nywele. Kwa mwingine, bibu ilikuwa tayari shingoni mwa mtoto, imeshafuliwa. Nilimvua mtoto mwenyewe huku nikiomba radhi, naye akanililia usoni.

Ijumaa mchana nilikuwa nimeunga vipande kumi na vinne, nikapata mikono miwili.

Shangazi alilivaa gauni chumbani kwangu. Nilisimama karibu na mlango. Alipitisha kidole kwenye mshono mmoja, kisha mwingine.

"Hii ni nini? Ya wengine ni nzima."

Nilimweleza yote, kuanzia gunia mpaka bibu. Nikasubiri avue.

"Ulizunguka manyumba saba juu yangu?"

"Ndiyo, shangazi."

Aliketi kitandani, gauni likiwa bado mwilini, akaanza kulia kimya kimya.

"Bon, haya," alisema baadaye. "Miaka ine niko kule, hakuna mtu alinipigia hata simu."

Nilipiga magoti nikajifanya narekebisha pindo, nisimtazame usoni. Namba yake nilikuwa nayo miaka yote minne.