Mguu wa Nne wa Mashine ya Bi Mwaija

Muhsin, fundi wa Handeni, ana mdomo wa kuwatosha watu watatu. Anabishana na wenye maduka ya vifaa, na wateja, na hata na mvua ikimkuta juu ya paa. Lakini mpeleke Mnyuzi, ukweni, mdomo wote unakauka. Kwao mkwe hazoeleki: humtazami usoni, huli naye, na kumwomba kitu, heri ulale na njaa. Neno likiwepo, linapitia kwa Hafsa, mkewe.

Sasa mama mkwe, Bi Mwaija, kauza mahindi ya misimu miwili, kanunua mashine ya kusaga. Fundi awe nani kama si mkwewe? Muhsin akaagiza kupitia Hafsa kwamba mama anunue chuma chenye nyuzi kama za skrubu, unene nusu inchi, urefu mita moja.

"Mashine inatetemeka," alimwambia Hafsa kwa majivuno. "Nakata vipande vinne, navizamisha kwenye zege, juu nafunga kwa nati. Hata tembo hang'oi!"

Chuma kikaja kutoka Korogwe, akakata. Kipande cha nne kikakwama kwenye tundu la ubao wa kipimo, ule wa kupangia miguu ya mashine, naye kwa haraka zake akakigonga nyundo bila kukivalisha nati kichwani. Nyuzi zikalala. Akajaribu kufunga nati, wapi! Akaukata upande ulioharibika, kikabaki kifupi.

Hapo mwenye akili angesema, jamani nimeharibu, nipeni kingine. Muhsin amwombe mkwe chuma cha pili? Thubutu! Akakisimamisha vivyo hivyo. Juu kililingana na wenzake, lakini ndani ya zege hakikufika hata nusu yao. Akalainisha zege kwa mwiko, akaosha vyombo vyake.

Wiki nzima zege linakomaa, yeye anakonda. Mashine ingeng'oka, na anayesimama karibu nayo ni nani? Bi Mwaija mwenyewe, keshatangaza kijiji kizima kwamba atasaga kwa mkono wake. Muhsin akisema, ameaibika ukweni maisha yake yote. Asiposema, anaweza kumuua mama wa watu. Mara mbili alimwita Hafsa, na mara mbili akaishia kumwomba maji ya kunywa. Aliogopa, na alijichukia.

Jumamosi watu wakakusanyika, dua ikasomwa. Bi Mwaija akajifunga khanga kiunoni, akainua debe la kwanza, akaenda kusimama upande uleule wa kipande kifupi. Injini ikanguruma. Muhsin akaona ufa ukitambaa kwenye zege, kisha nati ya mguu wa nne ikaanza kupanda na kushuka.

"Mama, toka hapo!"

Injini ikazimwa. Watu wakaduwaa: mkwe kamkaripia mkwe! Muhsin akapiga magoti, akakishika kile chuma, kikatoka mkononi pamoja na donge la zege. Akaeleza yote huku ameinamisha macho.

Bi Mwaija akageukia ukuta, kama inavyopasa, akasema na binti yake.

"Hafsa, mwambie mwenzio nilinunua vyuma viwili, kimoja cha akiba. Siku ile nilisikia nyundo, kisha nikasikia msumeno tena, nikajua kimeharibika. Hicho kingine kiko uvunguni mwa kitanda changu mpaka leo."

Akakaza khanga yake kiunoni.

"Na mimi niliona haya, mwanangu, kumpelekea mkwe kitu ambacho hajaniomba."