Beteri za Boti ya Mama Karimi

Nikiwa mtoto kule Kanyakine nilirithi suruali ya kaka yangu, pana kama gunia, na mama akaifunga kwa kamba ya mgomba. Kamba ilikatika siku ya kwanza shuleni, mbele ya darasa zima. Labda ndiyo maana sikusoma sana, lakini hayo tuyaache.

Injini nilijifunza kwa macho. Siku moja Mama Karimi, mwenye boti ya kuvusha watu bwawani, aliniita nimfungie alteneta ya kuchaji beteri zake mbili. Mchana angebeba kwaya na spika zao za kutumia beteri hizo, na wakipendezwa wangemkodi kila mwezi.

Nikafunga nyaya asubuhi yote. Kwaya ilipopanda nikawaambia, "Imbeni bila wasiwasi! Injini ikinguruma, beteri zinashiba!"

Katikati ya maji spika zikakoroma, zikanyamaza.

Mama Karimi akafunua injini. "Mzee, alteneta haizunguki. Mkanda wa kuizungusha uko wapi?"

"Umeibwa!" nikafoka. "Watu wa siku hizi hawana haya!" Nikanyoosha mikono juu kwa hasira, shati nalo likapanda.

"Na huo uliokushikia suruali?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Nikiwa nimeinama asubuhi kifungo cha suruali kilikatika, nikajivika ule mkanda, eti kwa dakika moja tu.

Kwaya walicheka hadi boti ikayumba. Nikauvua, Mama Karimi akaufunga mwenyewe, na tulipofika ukingoni spika zilikuwa zikiimba tena. Nikashika suruali kwa mikono miwili, nikapanda mlima kuelekea nyumbani Runyenjes. Bwawa lile sijalikanyaga tena.