Faili Lililonenepa Mbele ya Munezero

Tangu siku walipotoka Burundi na kupokelewa Kabazana, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, Munezero alikuwa mtu wa kuhesabu. Alihesabu watoto, masufuria, hata nguo zilizoanikwa nje. Jirani zake walimcheka, lakini kwake hakikupotea hata kijiko.

Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya tarakimu za kompyuta. Mwanawe Libère alitakiwa kumfikishia faili Hajji Zubairi, mwenye chuo cha kompyuta Mbarara, kabla ya adhuhuri. Hilo ndilo lilikuwa jaribio la kazi. Faili lenyewe lilibeba kompyuta nzima ya masomo, ile isiyoshikika kwa mkono, inayowashwa ndani ya kompyuta nyingine. Lilikuwa na gigabaiti arobaini na moja. Flashi aliyopewa ilibeba kumi na sita tu. Ilibidi alipunguze bila kupoteza somo hata moja.

"Mama, niko naenda kuoga," Libère alisema. "Usiguse kitu. Mutu akileta simu ya kuchaji, mwambie betri ya sola leo iko na kazi."

Munezero akakaa mbele ya kioo. Kiingereza hakukijua, ila tarakimu hazikumpiga chenga. Arobaini na moja. Arobaini na sita. Hamsini na mbili!

"Yesu wangu! Si alisema anapunguza?"

Alimwita mara mbili. Maji yalimzidi sauti. Basi akachukua simu, akampigia Hajji mwenyewe.

"Hajji, unisamehe. Faili yako inanenepa! Imefika hamsini na tano, na yeye anaoga!"

"Nyabo, mama yangu, pole pole. Kwa kioo iko nini?"

"Kuna herufi d mbili. Mbele kidogo naona z, e, r, o."

Hajji akacheka mpaka akakohoa. "Nani alimuonyesha hiyo? Mimi sikusema! Mwenzake aliyejaribu jana alifuta vitu tu, akaleta faili kubwa ile ile. Ukifuta, takataka inabaki chini. Mtoto wako anajaza sifuri juu yake kwanza. Acha inenepe, nyabo. Wewe usizime!"

Libère akaingia na povu masikioni. "Mama! Unaongea na nani?"

"Na bosi wako. Nenda usuuze masikio."

Aliporudi, alifuta zile sifuri, akaizima kompyuta ya ndani, akaandika mstari mmoja:

qemu-img convert -c -O qcow2 darasa.vdi darasa.qcow2

"Hii itaruka fasi zote za sifuri, halafu ibane kinachobaki," alimweleza mama yake.

Asilimia zikapanda taratibu. Zilipofika themanini, betri ikaanza kulia.

"Mbona imeisha mbio hivi?" Libère akauliza.

Munezero akatazama dari. Kisha akainua kitenge alichofunikia waya za betri, akachomoa simu mbili za jirani. "Ni za Mama Ngabo," alisema kwa sauti ndogo. "Alinibembeleza."

Betri ikanyamaza. Tisini. Mia moja. Wakatazama faili jipya: gigabaiti kumi na moja. Libère akalinakili kwenye flashi, akaondoka mbio kutafuta gari.

Saa saba mchana simu ikalia. "Mama, imewaka! Masomo yote yako ndani. Ninaanza Jumatatu!"

Munezero akapiga vigelegele mpaka Mama Ngabo akachungulia. Kisha akakaa chini ghafla.

"Sasa huko Mbarara utalala wapi? Na kwa nani? Mlango wao unafungika?"