Kutoka Kivinje Hadi Rondo Kumtafuta Shahidi wa Mume Wangu

Vijana wa Kivinje mnaojiandaa kwenda kuandikishwa askari wa miguu, najua mmekwisha kupewa mawaidha mengi. Kila aliyerudi vitani anakaa barazani kuwafundisha namna ya kusimama mbele ya afande, namna ya kufunga viatu, na dawa ya malengelenge. Mimi ni mwanamke na sijawahi kushika bunduki. Ninawaandikia habari ya safari niliyoifanya mwaka huu baada ya masika, kwa sababu ya mwanamume aliyeyafuata mawaidha yote ya barazani, na bado akaniacha kwenye balaa.

Mume wangu Shomari aliondoka hapa kwa furaha, akiimba na wenzake. Vita vikaisha, wenzake wakarudi na makoti mazito na hadithi za Bama, kule mbali Asia walikopigana, yeye hakurudi. Karani wa serikali niliyemwendea alinijibu kwamba jina lake halimo katika orodha ya waliokufa wala ya waliorudi. "Amepotea," akasema, kisha akaendelea kugonga mihuri yake. Amepotea, kana kwamba namwuliza habari za mbuzi! Huu ni mwaka wa sita. Mwaka jana seremala mmoja, mtu mpole asiye na maneno, alileta posa nyumbani kwetu. Kaka yangu akairudisha, akisema mke wa mtu haposwi. Alisema kweli, wala simlaumu. Lakini mjane hukaa eda ikaisha, na aliyeachwa hurudi kwao akaolewa tena. Mimi sikuwa huyu wala yule. Nilikuwa nimefungwa kwa mtu asiyeonekana, nami naona nywele zangu zinaanza kugeuka rangi.

Kisha akapita hapa mtu mmoja aliyekuwa askari, akamwambia kaka yangu kwamba Shomari aliacha maneno. Siku ya kuondoka kwao alitamka mbele ya mashahidi wawili: "Ikipita miaka minne bila habari yangu, mke wangu ameachika." Shahidi mmojawapo ni Issa, Mmwera wa Rondo, naye yu hai. Miaka yote hiyo kuna watu wanajua, na mimi mwenyewe sijui! Nilianza kufunga mzigo siku ile ile.

Alhamisi alfajiri tuliondoka Kivinje kwa miguu, mimi na mama mdogo Hidaya, ambaye alikataa katakata nisafiri peke yangu. Tulifika Nangurukuru jua limepanda, tukanunua mihogo ya kuchoma, tukangoja hadi adhuhuri lilipokuja lori la mfanyabiashara mmoja lililobeba magunia ya mtama. Dereva alitutazama juu mpaka chini.

"Mama, mumeo amekupa ruhusa ya kusafiri?" akaniuliza.

"Ndiyo kwanza nakwenda kumwulizia," nikamjibu.

Alitaka kucheka, lakini mama mdogo alimkazia macho. "Wewe endesha gari, baba. Ya nyumba za watu hayakuhusu."

Mto Mbwemkuru ulikuwa bado na maji ya masika. Tuliteremka wote, wanaume wakapakua nusu ya magunia, na sisi tukavuka nguo zimekunjwa magotini. Mama mdogo aliteleza akakaa majini kitako, akamlaani Shomari kwa jina lake na la baba yake. Tulilala Mchinga kwa ndugu wa dereva, na kesho yake tukaingia Lindi watu wakitoka sala ya Ijumaa.

Jumamosi tulipata gari jingine lililotufikisha chini ya mlima wa Rondo. Toka hapo ni miguu tu. Njia inapanda katikati ya miti mikubwa, na kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyoongezeka, hata sisi watu wa pwani tukajifunika kanga zote tulizokuwa nazo. Wenyeji tuliokutana nao walikuwa wakivuna mbaazi, nao walituonyesha nyumba ya Issa bila kutuuliza maswali mengi.

Tulimkuta uani akimenya mihogo na mama yake. Ni mtu mrefu, mguu wake wa kushoto haukunjiki, na anatembelea fimbo. Mama yake alitukaribisha kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimwera, tukamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, wanangu," akatuletea maji. Nilipotaja jina langu, Issa aliweka kisu chini.

"Wewe ndiye Mwanahawa wa Shomari," akasema.

"Ndimi. Nimeambiwa una maneno yangu."

Akanieleza bila kuficha. Siku walipokuwa wakingoja kupakiwa kwenye lori pale Kivinje, walikokusanywa askari wapya wa Lindi na Kilwa, Shomari aliwaita pembeni yeye na mwenzao Hemedi wa Mingoyo, akatamka maneno yale kama nilivyosimuliwa. Kule Bama walitenganishwa. Issa alijeruhiwa, akapelekwa hospitali, hakumwona tena Shomari.

"Basi mbona umerudi mwaka wa pili huu, hukunitumia hata salamu?" nikamwuliza. Sauti ilikuwa imepanda, nami sikujali.

"Dada, nilidhani ndugu zake wamekwisha kukwambia. Halafu mimi mwanamume usiyenijua, nije mpaka Kilwa kukupelekea habari ya talaka? Niliona haya."

"Uliona haya! Mimi nimeshindwa hata kujibu ninapoulizwa kama nina mume, wewe umekaa hapa na haya zako?"

Mama yake aliinamisha kichwa. Issa naye akakuna goti lake bovu. Nikamwuliza swali lililonichoma zaidi: kwa nini Shomari aliwaambia wao asiniambie mimi, nami nilikuwa nimesimama hatua chache tu, nimembebea mkeka wake?

"Alisema ukisikia utalia," Issa akajibu. "Na ukilia hataweza kupanda gari."

Hapo nililia kweli, kwa hasira na kwa huruma pamoja. Angeniliza asubuhi moja yakaisha. Badala yake amenigawia machozi ya miaka sita, kisha watu waseme alikuwa mume mwenye huruma! Lakini Issa sikuweza kumchukia kwa muda mrefu. Nilipomwomba twende wote Lindi akatoe ushahidi, alisimama bila kusita akaenda kutafuta kanzu yake. Kushuka mlima kwa mguu ule kulimtesa sana, wala hakulalamika.

Jumatatu asubuhi tulikuwa Lindi, mbele ya kadhi. Ni mzee mwenye sauti ya chini, alitupokea kwa heshima na kutusikiliza mpaka mwisho. Issa aliapa, akarudia maneno neno kwa neno. Niliona sasa nafunguliwa.

"Na shahidi wa pili?" kadhi akauliza.

"Hemedi alikufa kwa homa, shehe," Issa akasema. "Tulimzika wenyewe, hata kabla hatujafika vitani."

Kadhi alifumba macho kidogo. "Binti yangu, mimi namwamini huyu bwana. Lakini talaka haithibiti kwa shahidi mmoja."

"Sasa nifanyeje, shehe?"

"Mumeo ni mtu aliyepotea. Usubiri ipatikane habari yake, au ipite muda ambao watu wa umri wake hawaishi tena."

Nilimwuliza kama amenielewa nina umri gani. Alisema amenielewa, na kwamba sheria hakuitunga yeye. Aliahidi kuiandikia serikali kuulizia, na naamini ataandika, lakini nilikwisha kumwona karani na mihuri yake, na najua majibu yanayotoka huko. Kwa hiyo ningoje mpaka rika la Shomari limalizike, na hapo mimi nitakuwa ajuza asiyeposwa na mtu! Mama mdogo alinishika mkono tukatoka, maana aliona ninakaribia kusema maneno ambayo hayasemwi mbele ya kadhi.

Nje, upande wa pili wa uwanja, vijana kama thelathini walikuwa wamepangwa mstari kungoja kupimwa vifua. Sajini mmoja alikuwa akipita mbele yao akiwapa mawaidha. Aliwaambia wasije na visu wala hirizi. Aliwaambia wasinywe maji ya mto, wasiuze blanketi, wajifunze kulala na viatu. Kila kitu alikihesabu kwa vidole. Mwisho akawauliza, "Kuna nililosahau?"

"Lipo!" nikasema kwa sauti kubwa.

Wote wakageuka. Mama mdogo alinivuta kanga, nikaiachia kanga nikaenda. Niliwauliza ni wangapi wenye wake, wakainua mikono kama kumi. Nikawauliza ni nani kati yao amekwisha kumwambia mkewe, yeye mwenyewe, kwa masikio yake, atafanyaje asiporudi. Haukuinuka hata mkono mmoja. Mmoja akasema yeye amemwambia rafiki yake.

"Rafiki yako yuko wapi?"

Alimwonyesha kijana aliyesimama karibu naye kwenye mstari ule ule.

Niliwageukia wote. "Mnaweka mashahidi wanaopanda lori moja nanyi? Wanaokula risasi moja nanyi? Mtazikwa pamoja na neno lenu, na mke wako atabaki kumtwangia mamako mtama mpaka azeeke! Washike wanaobaki. Mshike imamu, mshike jirani mwenye duka. Na kabla ya hao wote mshike mkeo, mwambie. Akilia, mwache alie!"

Sajini aliniambia, kwa adabu, kwamba nawavunja moyo askari wa Serikali. Nikamwambia moyo unaovunjika kwa maneno ya mwanamke mmoja hautafika vitani. Vijana wakacheka. Issa, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na fimbo yake, aliinua mkono kumwamkia sajini kiaskari, akasema, "Afande, mimi ndiye shahidi aliyebaki. Mwanamke huyu hasemi uongo." Sajini akamtazama mguu, kisha akarudi kwenye mstari wake.

Jumanne tuliagana na Issa. Alitaka kuniomba radhi tena nikamkataza. Tulipanda lori la kurudi, na humo tukamkuta kijana mmoja wa mstari ule, Abdala, aliyekwisha kukubaliwa na kupewa siku chache za kuaga kwao. Tulipofika Nangurukuru kesho yake, mkewe alikuwa amekuja kumpokea, msichana mwembamba anayeitwa Somoe, na kapu la chakula mkononi.

Abdala aliteremka, akamwamkia, kisha palepale akawaita muuza kahawa na mzee mmoja mwenye duka la chumvi wasogee. Akatamka maneno mbele yao: ikipita miaka minne bila habari yake, mkewe ameachika. Alitamka kwa haraka, macho yakiwa chini.

Somoe aliangusha kapu. "Unaniacha? Barabarani, mbele ya watu? Nimekukosea nini?"

"Huyu mama ndiye aliyesema," Abdala akanielekezea kidole.

Msichana alinijia juu, nami nilidhani atanipiga. "Wewe nimekufanyia nini hata umfundishe mume wangu talaka?"

Nilimketisha kwenye benchi la muuza kahawa, nikamweleza yote niliyowaelezeni hapa, kuanzia karani mpaka kadhi. Alisikiliza huku akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo wako naye alisema?"

"Alisema."

"Ulimsikia?"

Mama mdogo ndiye aliyejibu, "Hakumsikia."

Somoe akainuka, akaokota kapu lake, akalipangusa vumbi. Kisha akamgeukia mumewe na kusimama mbele yake karibu kabisa.

"Sema tena," akamwambia. "Polepole. Niangalie."

Abdala alimwangalia, akasema tena, na mara hii sauti ilimkwama katikati ikambidi aanze upya. Mashahidi wawili walisikia, na sisi tulisikia. Somoe alilia, na Abdala alilia, kisha wakaondoka pamoja kwenda kwao kula.

Tulifika Kivinje kabla ya magharibi. Watoto wa jirani walinikimbilia kunipokea mzigo, na mama mmoja aliyekuwa akifagia mlangoni akanisalimu kama anavyonisalimu siku zote, "Karibu, mke wa Shomari." Nikaitikia.