Cheti cha Uzima cha Dobi

Dobi wa mtaa wetu alipimwa damu, mkojo na moyo, akapewa karatasi yenye mhuri kwamba ni mzima. Kosa lake ni kuipeleka nyumbani. Tangu siku hiyo mtungi wa gesi ukiisha, mkewe husema abebe mzima. Shemeji yake, mwanamume mwenye kifua kama mlango, akiombwa kusogeza kabati hushika kiuno na kuuliza mwenye cheti yuko wapi.

Kwa hiyo Dobi aliingia wodi ya majaribio ya dawa, ndiko alikopimiwa, kama mtu anayekwenda likizo. Kazi ilikuwa kumeza. Wiki ya kwanza alimeza kidonge cha presha peke yake. Ya pili, kidonge kipya cha magoti. Sasa alipewa vyote viwili, wataalamu waone kama vitaelewana tumboni mwa mzima kabla ya kupewa wagonjwa. Kila saa muuguzi alimtoa damu, akampima presha kitandani, akauliza, "Kaka, hali?"

"Njema, sista."

Angejibu nini? Ukiulizwa hali unasema njema hata kama nyumba inaungua. Habari za moto zitafuata baadaye. Lakini muuguzi hakuwa na baadaye. Aliandika "njema", akahamia kitanda cha pili.

Saa nne asubuhi Dobi aliinuka kwenda chooni, sakafu ikamkimbia. Akashika ukuta. Akajiambia ni uchovu tu. Miaka kumi na mitano ya kusimama na pasi haiishi kwa wiki mbili za shuka safi. Tena akisema watamtoa, na kabati bado halijasogezwa.

Muuguzi akaja, akampima, presha nzuri. Lakini Dobi alikuwa amelala, na akilala hata maiti hana kizunguzungu.

"Hali?"

"Njema."

Muuguzi alipofika kitanda cha tatu, Dobi akamkumbuka mama yake: presha miaka tisa, magoti mabovu, choo cha nje. Ndiye hasa atakayemeza hivi viwili. Na daktari akimuuliza hali, atasema njema, kwani ndiye aliyemfundisha Dobi kujibu hivyo.

"Sista," akaita. "Ile njema ilikuwa salamu tu. Nikisimama, kichwa kinazunguka."

Muuguzi akamsimamisha, akampima, akaitazama mashine, presha imeshuka, akamlaza upesi.

"Kizunguzungu tangu lini?"

"Saa nne."

"Na uchovu?"

"Huo usiuandike. Nilikuja nao."

Alipotolewa kesho yake aliomba karatasi moja tu, yenye mhuri, kwamba asibebe kitu kizito. Akapewa siku mbili. Shemeji aliisoma mara tatu, akitafuta kosa.