Chumvi ya Bouavone

Mjini Luang Namtha walimjua Bouavone kwa supu yake, ingawa hakuwa na mkahawa wala meza sokoni. Jiko lake lilikuwa msituni, mwendo wa saa tatu, mahali wageni wanaopanda milima hufika wakiwa hoi, ruba wamewanyonya mpaka vifundoni. Hapo alikata mwanzi mnene, akautia maji, samaki wa kijitoni, ua la mgomba na pilipili, akauegemeza motoni. Sufuria kwake zilikuwa mzigo tu.

Alikuwa na miaka hamsini na sita, na mdomo anao. Mgeni akilalamikia mlima, alimwambia mlima haukumwita.

Lakini tangu alipougua homa wakati wa mvua, ulimi wake ulikufa ganzi. Pilipili ilimchoma, basi. Chumvi hakuisikia kabisa. Hakumwambia mtu. Kampuni ya misafara iliyomwajiri ingetafuta mpishi mwingine, naye abaki nyumbani kufukuza kuku. Hilo lilimtisha kuliko homa yenyewe. Akapika kwa mazoea, na kwa kuwa wageni waliendelea kusifu, akajipa moyo kwamba mkono haujasahau.

Siku moja kijito kilifurika. Somphet, kiongozi wa misafara aliyetembea naye miaka kumi na tisa, alibaki nyuma kumvusha mama mmoja aliyeogopa maji. Alipofika, chakula kilikuwa kimeshaandaliwa juu ya majani ya mgomba. Wageni walifinyanga wali wa kunata, wakachovya kidogo, wakanywa maji mengi. Hakuna aliyelalamika wala kusifu, na adabu yao ilimuuma Bouavone kuliko tusi.

Walipoteremka kunawa, alimgeukia Somphet, ambaye alikuwa ameshaonja na kuweka kijiko chini.

"Chumvi imezidi?"

"Nchi yetu haina bahari, dada. Leo umetuletea."

Bouavone alijaribu kucheka, ikashindikana. Akamweleza yote, macho yakiwa kwenye majivu.

"Najua," Somphet akasema. "Ukienda kukata majani, mimi huonja. Ikizidi naongeza maji, ikipungua natia chumvi. Leo nimechelewa."

Miezi minne, tangu homa ile. Bouavone alizikumbuka sifa zote zile, akaona aibu, kisha hasira zikampanda.

"Ungeendelea hivyo mpaka lini?"

"Mpaka uniambie mwenyewe."

Bouavone akaugeukia moto. Kulikuwa na mwanzi mmoja bado motoni, wa mama aliyechelewa. Angeweza kumwachia Somphet, akaenda zake kutafuta majani kama siku zote. Sauti za wageni zilikuwa zinapanda kutoka kijitoni. Akachota kijiko, akakipuliza, akampelekea Somphet mdomoni mbele yao wote.

"Onja," akasema, "na usinifiche."

Somphet akameza. "Bado, dada. Maji kidogo."

Bouavone akaongeza maji, akachota tena.