Mtu Aliyelala Mahali pa Wasil

Rishipal alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa kijiji cha Kheda Nagla, na urefu huo ndio uliomponza. Kabla ya hapo haukuwa umemletea lolote zaidi ya kugonga kichwa kwenye milango ya watu na kuitwa kila harusi akafunge taa juu ya miti. Kazi yake ilikuwa kupika sukari guru. Majira ya baridi, miwa inapokomaa na ukungu unapotanda mashambani hata mchana usimwone jirani yako, yeye alisimama mbele ya makarai ya tajiri wake, Kanwarpal, akikoroga maji ya miwa yanayotokota, nusu ya mwili ikiungua na nusu ikiganda. Alikuwa na mke, Bimlesh, mabinti walioolewa mbali, na nyati mmoja wa maziwa, mkorofi. Siasa aliwaachia wenye nafasi.

Majira hayo aliuawa Wasil, muuza vyuma chakavu wa ng'ambo ya mfereji. Polisi walisema alikuwa jambazi: walimsimamisha alfajiri akiwa kwenye pikipiki, akakimbilia kwenye miwa, akafyatua bastola, nao wakajibu. Majibizano ya risasi, walisema, na magazeti yakaandika vivyo hivyo. Majibizano ya namna hiyo yalikuwa mengi mwaka ule, na karibu yote yalifanana: alfajiri, pikipiki, shamba la miwa, askari mmoja mwenye jeraha dogo mkononi. Mbunge wa jimbo, Omvir, alikuwa ametangaza jukwaani kwamba wahalifu wataondoka wilayani kwa miguu yao au kwa mabega ya watu wanne. Wasil alipouawa, mbunge aliwavisha polisi mashada ya maua mbele ya kamera. Watu walipiga makofi, na Rishipal naye alipiga. Alichojua juu ya Wasil ni kwamba alikuwa na kiwanja kando ya barabara kuu, ambacho mpwa wa mbunge alikitaka ajenge kituo cha mafuta, na kwamba alikuwa mrefu.

Mama yake Wasil, Asgari, hakunyamaza. Alihangaika mahakamani hadi akateuliwa hakimu wa kuchunguza kifo hicho, na huyo hakimu akataka kuonyeshwa shambani kwenyewe jinsi mambo yalivyokwenda. Ndipo Inspekta Tejvir alipokuja kwenye makarai akamtazama Rishipal toka miguuni hadi kichwani, kama mtu anayenunua mnyama.

"Wewe. Njoo huku."

"Nimefanya nini, afande?"

"Hujafanya kitu. Tunataka mtu wa kimo chako akalale chini kidogo."

"Nilale tu?"

"Mbona unauliza kama bibi harusi? Unakimbia, unaanguka, unalala. Halafu unarudi kwenye sukari yako."

Wapishi wenzake wakaangua kicheko. Kanwarpal, mwenye mtambo, akamsukuma mgongoni. "Nenda, bwana, nenda. Ukikataa watakuja kunifungia."

Hakimu alikuwa afike baada ya chakula cha mchana, lakini Tejvir alitaka wafanye jaribio kwanza, wasije wakajichanganya. Walitembea katikati ya miwa wakifuatana mmoja mmoja. Ukungu ulikuwa mzito, majani yakidondosha maji shingoni. Njia nzima Rishipal aliusikia mtambo wa Kanwarpal ukikoroma nyuma yake. Walipofika pale Wasil alipouawa, hakuusikia tena. Palikuwa na uwazi mdogo, miwa imevunjika na kulala, na pembeni ilisimama miwa ambayo wakataji walikuwa wamekataa kuigusa. Hapakuwa na ndege. Hata askari walianza kusema kwa sauti ya chini, bila mtu kuwaambia.

"Haya," alisema Tejvir, "kila mtu mahali pake."

Wakatawanyika. Jambo hilo lilimgutusha Rishipal: hakuna aliyeuliza asimame wapi. Walikwenda jinsi mtu anavyokiendea kitanda chake gizani.

Mmoja wao, Lokendra, alikuwa kijana aliyetoka kupewa medali, na mama yake alikuwa amegawa peremende mtaa mzima kwa furaha. Hakwenda na wenzake. Alimjia Rishipal moja kwa moja, uso wake hauonyeshi kitu, akamkamata viganja, akavikunja nyuma ya mgongo, na kwa goti lake akampiga nyuma ya goti.

"Piga magoti," alisema polepole. "Usigeuke."

Rishipal akapiga magoti. Tope lilikuwa baridi kama chuma. Akahisi kitu kikimgusa kisogoni. Vilikuwa vidole viwili tu, lakini alihisi vinyweleo vyote vya mwili wake vikisimama. Juu ya kichwa chake kijana yule alikuwa anahema kama aliyetoka kukimbia. Ilikuwa kana kwamba wote, hata Tejvir, wamesahau kwamba wanaigiza.

"Si hivyo, mpumbavu!" Tejvir alizinduka akafoka. "Wewe uko kule, ng'ambo ya tuta! Yeye anakimbia, anafyatua, wewe unajibu! Nikwambie mara ngapi?"

Vidole vikaondoka. Lokendra aliitazama mikono yake kama mtu aliyejikuta amevaa viatu vya mwenzake. "Samahani, afande," alisema, akaenda ng'ambo ya tuta.

Hakimu alipofika, mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa. Alikuwa mwanamke bado kijana, mwenye miwani iliyojaa ukungu, akiifuta kila mara kwa ncha ya mtandio. Rishipal alikimbia na kijiti mkononi badala ya bastola, mtu akapiga kelele "Paa!", naye akaanguka. Wakamwambia alale ubavu, shavu chini. Karani akaanza kupima kwa futi kamba kutoka miguuni kwake hadi kwenye tuta.

Asgari alikuwa ameruhusiwa kutazama, akiwa na wakili wake. Hapo ndipo alipotoka kwenye ukungu. Hakukimbia wala hakulia. Alikuja akachuchumaa, akavua shali yake, akamfunika Rishipal hadi mabegani, akiichomekea pembeni vizuri jinsi mtu anavyomfunika mtoto.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Chini pana baridi."

Rishipal alitaka kusema, mama, mimi si yeye, mimi ni Rishipal wa sukari guru. Ulimi haukunyanyuka. Alitaka kukaa, na mwili nao ukakataa. Alilala vile, akiona kamba za viatu vya askari na mche wa muwa mchanga, hadi hakimu aliposema, "Inatosha," kwa sauti iliyokwaruza.

Kazini walimpokea kwa utani. "Marehemu kaja! Marehemu, leta makapi, moto unazimika!" Naye akacheka nao. Lakini siku zilivyokwenda, utani ule uliharibika wenyewe kama maziwa. Kinyozi alimaliza kumnyoa, kisha akautupa wembe aliomnyolea. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mfereji alikutana naye kwenye ukungu, akatupa mtungi wake na kukimbia akiliita jina la Wasil. Wale waliomwita marehemu wakaacha kumwita jina lolote. Walimwonyesha kwa kidevu.

Na Asgari alianza kuja. Alikaa ng'ambo ya makarai, juu ya mganda wa makapi, akimtazama akikoroga. Kanwarpal hakujua amfukuze kwa kosa gani.

Siku moja Rishipal alishindwa kuvumilia. "Mama, unataka nini kwangu?"

"Wewe ulilala pale. Mimi sikuruhusiwa kumwona hadi wameshamfunga sanda." Akasogea. "Nataka kujua tu. Alikuwa anakimbia?"

Rishipal alikoroga. Povu lilipanda, likashuka.

"Nisikuulize tena?" alisema Asgari.

"Usiniulize, mama."

Nyumbani, mkewe alimngoja amalize kula. Bimlesh hakuwa mwoga. Ndiye aliyekuwa akimkamua yule nyati aliyewashinda wanaume.

"Unajua unavyolala sasa?" aliuliza.

"Ninalalaje?"

"Kifudifudi. Mikono umeipeleka nyuma, viganja vimeshikana, kama umefungwa. Jana nilijaribu kuitenganisha, nikashindwa. Mwanamke mwenye nguvu kama mimi." Akasogeza sahani pembeni. "Walikufanya nini kule?"

Akamweleza. Alipofika penye vidole viwili, Bimlesh alijigusa kisogo chake mwenyewe.

"Watatuchomea nyumba, Bimlesh."

"Huenda. Lakini mimi niliolewa na mtu mmoja, na kitandani naona kama tuko watatu. Kaseme, baba. Kaseme huyu mtu atutoke."

Akaenda. Ofisi ya hakimu ilikuwa katika makao makuu ya wilaya, chumba kirefu chenye feni isiyozunguka. Tejvir alikuwapo na wakili wake, Lokendra na askari wenzake walikaa kwenye benchi wakingoja zamu zao, Asgari alikaa karibu na dirisha. Rishipal alisimulia jaribio lile. Wakili wa polisi akatabasamu.

"Mheshimiwa, huyu ni mpika sukari. Anatuletea ndoto zake."

"Nionyeshe," hakimu alimwambia Rishipal. "Ulivyofanywa, onyesha."

Rishipal akapiga magoti katikati ya chumba. Hakuwa na mtu wa kumshika, kwa hiyo alipeleka mikono nyuma mwenyewe, akainamisha kichwa. Aliona aibu. Alisikia mtu akikohoa, karatasi zikipekuliwa. Kisha akasikia buti.

Hazikuja kwa haraka. Zilitoka upande wa benchi, zikazunguka nyuma yake, zikasimama. Mikono ikamkamata viganja. Goti likamkaa mgongoni. Akasikia ile pumzi.

"Lokendra!" aliita Tejvir. "Lokendra, kaa chini!"

Kijana hakusikia. "Usigeuke," alisema, taratibu, kama anayembembeleza mtu. "Usigeuke, kaka, inaisha sasa hivi." Vidole vikatua kisogoni.

Asgari alikuwa amesimama, mkono kinywani. Rishipal hakuogopa kama siku ile. Alichotambua ni kwamba maneno hayo ya mwisho, *kaka, inaisha sasa hivi*, kule shambani hayakusemwa kwake. Yalisemwa kwa mwingine, kabla yake.

Ni yeye aliyegeuka. Aligeuza kichwa akamtazama Lokendra usoni, na Lokendra akapiga ukelele mdogo, akaanguka kwa makalio, akajivuta nyuma hadi ukutani. Akajifunika uso kwa kofia yake.

Wakili wa polisi alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mheshimiwa, askari huyu ni mgonjwa, ninaomba jambo hili lisiandikwe…"

"Niandike nini, mheshimiwa?" karani aliuliza.

Hakimu alivua miwani, akaivaa tena. "Andika ulichokiona."

Ripoti yake ilisema kwamba maelezo ya polisi hayaaminiki na kwamba kuna kila sababu ya kufungua kesi ya mauaji. Magazeti yaliyokuwa yameandika majibizano ya risasi sasa yaliandika madai ya mauaji ya kupangwa, kwa herufi ndogo zaidi. Lokendra alikamatwa, peke yake. Tejvir alisimamishwa kazi, kisha akarudishwa, wilaya nyingine, cheo kilekile. Ili ashtakiwe ilihitajika idhini ya serikali, na serikali ilisema inalitafakari. Hakimu yule alihamishiwa idara ya umwagiliaji. Omvir alipoulizwa na waandishi kama ndiye aliyetoa amri, alisema yeye aliwaomba polisi wafanye kazi yao tu, na kama kuna askari mdogo aliyezidisha, sheria ichukue mkondo wake.

Kanwarpal alimwachisha Rishipal kazi huku anatazama pembeni. "Si mimi, ndugu yangu. Unajua si mimi." Rishipal akaanza kuuza mapera kando ya barabara. Usingizi wake ulirudi, mikono ikajifungua. Bimlesh alimwambia siku ya kwanza ilipotokea, kisha akaenda zizini kulia peke yake.

Uchaguzi ulipokaribia, Omvir alifika nyumbani kwao kwa miguu, msafara ukingoja nje. Alikaa kwenye kitanda cha kamba, akakubali glasi ya maziwa, akauliza habari za mabinti kwa majina yao. Wapambe walijaa uani.

"Kaka Rishipal," alisema kwa upole, "sisi ni watu wa nyumba moja. Niambie tu ukweli, sitakasirika. Ni nani aliyekutuma?"

"Ninyi, mheshimiwa."

"Sisi?"

"Mimi nilikuwa kwenye sukari yangu. Ninyi ndio mliokuja kuniita nikalale pale."

Mpambe mmoja akapiga hatua. Omvir akainua mkono kumzuia, akacheka, lakini glasi aliiweka chini maziwa yakiwa nusu.

"Na sasa mimi nakuuliza," alisema Rishipal. "Wasil alikuwa hana bastola. Yule kijana alijua, inspekta alijua. Wewe ulijua?"

Omvir alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta uso huo aliuona wapi. Kisha akainuka, akaunganisha viganja kifuani kumuaga Bimlesh, akatoka. Mbele ya lango alisikika akimwambia mtu kwamba familia hii inahitaji kuombewa.

Alishinda tena, ingawa kwa kura chache kuliko mara ya kwanza. Kituo cha mafuta kimefunguliwa. Asgari amekata rufaa juu ya ile idhini, na shauri linaahirishwa, linasogezwa, linaahirishwa. Kila linapotajwa yeye na Rishipal hupanda basi moja kwenda mjini, wakikaa viti vilivyo mbalimbali ili watu wasiseme. Wakili amemwambia Rishipal kwamba ushahidi wake umeshaandikwa, si lazima aende. Yeye huenda. Hubeba mapera machache kwenye mfuko, na wakingoja kuitwa kwenye korido, Asgari huyamenya kwa kisu kidogo na kumpa vipande, naye hula.